UZI: Kuandika sai-fai ya kwetu, anza na mizani ya mama si na roketi

Msimulizi_Umoja (mwanzisha uzi)

Habari zenu wasee. Kuna jambo limenikwama kooni kwa muda na nimeona nilifungulie uzi wake. Kila mara mtu akinitumia hadithi yake ya sai-fai, yaani hadithi ya kubuni ya kisayansi, nimwangalilie napata mashine. Mashine imeelezwa vizuri kabisa, ina taa za buluu, ina jina refu, inaongea, inapaa, lakini hakuna mtu amepanga foleni kuingoja, hakuna mtu amekopa ndio aipande, hakuna fundi ameitwa saa nne usiku ikizima. Na hadithi iko hapo kwa foleni na kwa deni na kwa fundi. Mashine kazi yake ni kuwapa watu sababu mpya ya kugombana, kupendana na kuibiana.

Sitaki kuwapa sheria kumi alafu kila mtu aende zake. Nitajenga hadithi moja mbele yenu kutoka kwa wazo mpaka sentensi za kwanza, alafu mtaikosoa na mlete zenu.

Kwanza kitu kipya, na kiwe kimoja. H. G. Wells, yule Mwingereza aliyeandika kuhusu mashine ya kusafiri kwa wakati huko 1895, alishikilia kwamba msomaji atakukubalia jambo moja la ajabu, ukimwongezea la pili na la tatu anaacha kujali, kwa sababu kama lolote linaweza kutokea basi hakuna cha kuogopa. Mimi nakubaliana naye kabisa. Roboti, mazimwi, kusoma akili na kusafiri kwa wakati zote kwa kurasa nane haziwezi kupumua.

Mimi nachukua lifti ya kwenda angani. Wazo lenyewe ni la kitambo, Mrusi Konstantin Tsiolkovsky aliwaza mnara wa kufika angani mwaka wa 1895 akiwaza juu ya Mnara wa Eiffel kule Paris, na 1960 Mrusi mwingine, Yuri Artsutanov, akasema badala ya kujenga kutoka chini tushushe kamba kutoka juu. Juu wapi? Kilomita 35,786 juu ya ikweta, pale setilaiti inazunguka sambamba na vile dunia inajizungusha, kwa hivyo ukiitazama kutoka chini imesimama tu hapo. Setilaiti nyingi za TV ziko huko, ndio maana fundi akishaelekeza dishi lako hauligusi tena. Kamba yenyewe haijawezekana mpaka leo juu hakuna kitu tunajua kutengeneza, kirefu hivyo, ambacho hakitakatika kwa uzito wake chenyewe.

Basi hio kamba ndio kitu changu kimoja. Nikishaikubali, baada ya hapo siruhusiwi kudanganya tena, mvutano wa dunia unabaki ule ule, njaa inabaki, nauli inabaki, ushuru unabaki. Na kwa vile kamba inataka ikweta nimeipanda Nanyuki, karibu na kile kibao cha ikweta chenye watalii hupigia picha.

Sasa hesabu, na hapa naomba muwe wavumilivu kwa sababu hesabu ndio inazaa hadithi. Behewa la lifti linapanda na kasi gani? Nimelipa kasi ya treni yetu ya SGR ya Mombasa, kilomita 120 kwa saa. Gawa 35,786 kwa 120, unapata kama saa 298, yaani siku 12 na ushei. Soma tena hapo. Siku kumi na mbili ndani ya behewa na watu hauwajui! Hii si ile ya kubonyeza na kushuka gorofa ya saba. Watu watakula, kuna mtu atajifungua, kuna mtoto ataamka na surua, lazima kuwe na choo, lazima mtu awe anauza chakula kwa wale hawawezi bei ya kantini. Hakuna hata moja hapo nimelitunga, yote yametoka kwa kugawa namba mbili.

Alafu uzito. Kadiri unavyopanda mbali na dunia mvutano unapungua, na ukifika saa ya 22 hivi ya safari uko karibu kilomita 2,640 juu na uzito wako umekuwa nusu. Mzee wa kilo 80 akikanyaga mizani ya bafuni anasomewa 40. Ukifika kule mwisho unaelea. Kwa hivyo kila siku mwili unajifunza kutembea upya, uji unamiminika pole pole, mtoto akiruka kitandani anagonga dari.

Alafu miale, na hii ndio ilinipa hadithi yenyewe. Kuanzia kama kilomita 1,000 kwenda juu kuna mikanda ya miale hatari inaitwa Van Allen, imejulikana tangu 1958. Wale wanaanga wa Apollo waliokwenda mwezini waliipita kwa saa chache kwa sababu chombo chao kilikuwa na mbio. Behewa langu la kilomita 120 kwa saa litakaa ndani yake siku baada ya siku. Kuta nene zinapunguza miale, lakini kuta nene ni uzito na uzito wa kupandisha ni pesa. Sasa niambieni, behewa gani litawekewa kuta nene? Na nani anapanda lile lenye kuta za bati, kila mwezi, kupanda na kushuka, mwaka mzima? Vibarua. Wachuuzi. Mhusika wangu akatoka hapo, mama wa makamo anauza njugu na maharagwe kwa behewa la daraja la tatu.

Ngoja nile, narudi na sentensi za kwanza.

DadaWaRongai

Naskia raha kusoma hii. Lakini kaka mimi fizikia niliacha form two, hizo hesabu nitatoa wapi? Si msomaji anataka tu stori?

Msimulizi_Umoja

Dada, yote nimefanya hapo juu ni kugawa na kuzidisha kwa simu. Enda kwa wale wa inama, wanaouza vitabu chini kando ya barabara pale mjini, nunua kitabu cha fizikia cha sekondari kilichotumika, soma kuhusu mwendo, mvutano, joto na mwanga, hio inakutosha kwa hadithi nyingi sana. Au kama hauna za kununua, maktaba ya McMillan pale Banda Street kuna mahali pa kukaa, na ukiwa Eastlands kuna Kaloleni na Makadara.

Msomaji anataka stori ndio, lakini hesabu inakupa vitu ambavyo kichwa chako peke yake hakingekupa. Kichwa kikiachwa kinaleta zile vitu kiliona kwa filamu. Hesabu ilinipa siku 12, siku 12 zikanipa chakula, chakula kikanipa mama, na mama akanipa mizani. Angalieni sasa.

Hivi ndivyo wengi wenu mngeanza, na siandiki hii kwa ubaya:

*Ilikuwa mwaka wa 2187. Kenya ilikuwa imeendelea sana kiteknolojia. Lifti ya angani yenye urefu wa kilomita 35,786 ilikuwa imejengwa mjini Nanyuki na kuwawezesha binadamu kufika angani kwa urahisi. Hata hivyo, mvutano wa dunia ulipungua kadiri behewa lilivyopanda, jambo lililoathiri biashara.*

Kila neno hapo ni la kweli na hakuna mtu ndani. Hakuna anayetaka kitu. Hio ni ripoti, imeandikwa na mtu ambaye hayuko kwa behewa. Sasa hii:

*Kufika saa kumi jioni Mama Kanini alikuwa ashafunika mizani yake ya springi kwa leso na kutoa gorogoro.*

*"Kuanzia hapa hatupimi kilo," aliwaambia. "Hio mizani imeanza kuniibia."*

*Kijana mwenye ovaroli mpya akasema kilo ni kilo.*

*"Wewe ni mara yako ya kwanza kupanda," Mama Kanini alimjibu bila kumwangalia. "Kesho utataka gunia kwa bei ya kilo."*

*Huko mbele milango ya daraja la kwanza ilianza kufungwa, mmoja baada ya mwingine. Kwa daraja la tatu hakuna aliyegeuka isipokuwa yule kijana.*

Mnaona? Wameondoka Nanyuki saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi jioni wako kilomita 1,200 juu. Pale juu springi inavutwa na nguvu ya kama asilimia 70 ya ile ya chini, kwa hivyo ili mshale ufike kwa kilo moja mama lazima amwage maharagwe ya kilo 1.4. Anaumia. Gorogoro haijali mvutano, mkebe ukijaa umejaa. Na kilomita 1,200 ndio miale imeanza, ndio maana kule kwa matajiri wanafunga milango. Sijamwambia msomaji lolote kati ya hayo. Atajua mizani ina kasoro, atajua kuna sababu ya milango, na atasoma ukurasa wa pili kutafuta ni gani.

Kijana_Kayole

Aiii hio ya mizani imeniingia. Lakini si utapoteza watu? Mtu hajui kama springi inadanganya juu ataona tu mama ni mwizi.

Msimulizi_Umoja

Na hio ni sawa kabisa, kwa sababu yule kijana wa ovaroli pia anafikiria hivyo. Msomaji akiwa na shaka pamoja na mhusika haujampoteza. Unampoteza akiwa peke yake, wahusika wote wanajua kitu na yeye hajui na hawamjali. Ndio maana nimeweka mgeni mmoja pale. Mgeni ana haki ya kuuliza.

Chenye hauwezi kufanya ni kuwapa watu wawili wanaojua kitu waelezane hicho kitu. "Kama unavyojua ndugu yangu, roboti zetu zinatumia nguvu za jua." Kama anajua mbona unamwambia? Makanga hamwelezei dereva matatu ni nini. Anamwambia "kuna karau mbele", na ile namna anasema inakuonyesha uhusiano wao na polisi, na pesa, na siku vile imeenda. Andika kifaa chako hivyo, kama kitu watu wamekizoea mpaka wanakilalamikia.

MwalimuWaFizikia

Mwanzisha uzi nimefurahi kuona mtu anajali haya. Mimi ni mwalimu na nina swali moja. Mizani ya springi kweli itadanganya, lakini mizani ya kulinganisha, ile ya sahani mbili na mawe, haitadanganya, kwa sababu mawe nayo yanapungua uzito sawa na maharagwe. Mbona Mama Kanini asitumie hiyo? Msomaji anayejua ataliona hilo pengo.

Msimulizi_Umoja

Mwalimu asante sana, hili ni swali la dhahabu na naomba wote mlisome mara mbili. Mwalimu amepata tundu, na kwa sai-fai tundu likipatikana usilizibe haraka, chungulia kwanza uone kuna nini ndani.

Kwa nini hana mizani ya mawe? Jibu liko kwa ile sheria yetu ya uzito ni pesa. Behewa linapimia kila abiria mzigo wake pale Nanyuki na unalipa kwa kilo. Mawe ya kupimia, la kilo moja, la kilo mbili, la kilo tano, yote ni mzigo uliokufa, mama atalipia nauli ya vyuma ambavyo haviuzi. Gorogoro ni bati jepesi na akishuka anabebea chai. Kwa hivyo yeye si mjinga, amepiga hesabu kuliko sisi.

Na sasa kuna hadithi kubwa zaidi: itakuwaje siku kampuni inasema wachuuzi wote lazima wapime kwa mizani iliyoidhinishwa, na mizani hio inakodishwa na kampuni? Nilikuwa na mandhari, mwalimu amenipa mgogoro. Wekeni mtu kama huyu kwa kundi lenu la kuandika, hata kama haandiki.

Mtaa_wa_Saba

Mimi nitasema ukweli wangu. Sai-fai ni kitu ya wazungu, wako na roketi, sisi tunapanga laini ya maji. Tukiandika angani tunaigiza. Andikeni maisha.

Msimulizi_Umoja

Ndugu, nakuheshimu lakini hapa sikubaliani na wewe hata kidogo, na nitakueleza kwa nini.

Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka pwani yetu, kwa jukwaa la San Marco lililosimama baharini Ngomeni, upande wa Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitalia na setilaiti ya Wamarekani, na kwa vile ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru wakaiita Uhuru. Ilisaidia kuchunguza Cygnus X-1, ambayo ikaja kuwa kati ya vitu vya kwanza kuaminiwa ni shimo jeusi, yaani mahali mvutano ni mkali hata mwanga hautoki. Mbona walikuja Ngomeni? Ikweta tena. Dunia pale kati inajizungusha kwa karibu kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki, roketi inayorushwa upande huo inapewa mbio hizo bure, na mashariki kuna bahari kwa hivyo vipande vinaangukia maji. Wavuvi wa Ngomeni walikuwa wanaona roketi zikipanda wakati watu wengi huku Nairobi hawana hata TV nyumbani. Nani ameandika hadithi ya huyo mvuvi? Bahari imefungwa siku ya kurusha na yeye nyavu zake ziko ndani.

Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kama kilo 500, upana wa mita 2 na nusu hivi, ilianguka kutoka angani kijiji cha Mukuku kule Makueni. Shirika la anga la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Hio si filamu, ni Makueni. Na kuna mkataba wa kimataifa wa 1972 unaosema nchi iliyorusha ndio inalipa hasara kitu kikianguka ardhini kwa mtu. Setilaiti ya Kisovieti Kosmos 954 ilianguka Kanada 1978 na mafuta yake ya nyuklia, na 1981 Wasovieti wakakubali kulipa dola milioni 3 za Kanada. Kwa hivyo andika mama wa kubuni, kijiji cha kubuni, chuma kimemwangukia kwa maharagwe, na anatakiwa athibitishe ni cha nani ndio alipwe. Anaanzia ofisi ya chifu. Hapo hakuna kuigiza mzungu.

Hata hio laini ya maji umetaja ni hadithi tayari. Mathare kuliwekwa mashine za kuuza maji kwa kadi tangu 2015, unagusisha kadi maji yanatoka. Mwambie mtu wa 1985 atafikiria umetunga. M-Pesa imeanza 2007, na leo fundi wa viatu kando ya barabara anakupa namba ya till bila kuinua macho. Sisi tunaishi na vitu vigeni tukivizoea kwa wiki moja, huo ni utajiri wa mwandishi.

Na watu wa huku wameandika tayari. Katama Mkangi alitoa Walenisi mwaka 1995, mtu anahukumiwa kifo, anafungiwa kwa chombo cha angani na anaishia kwa ulimwengu mwingine. Wanuri Kahiu alitengeneza filamu fupi ya Pumzi 2009, Afrika Mashariki ya baada ya vita vya maji. Kundi la waandishi la Jalada hapa Nairobi walitoa toleo zima la hadithi za Afrika ya kesho 2015. Kwa hivyo mlango ushafunguliwa na watu wetu.

Mtaa_wa_Saba

Hio ya Ngomeni sikuwa naijua. Sawa, nimekuskia. Huyo mvuvi nimemchukua mimi, mtu asimguse.

DadaWaRongai

Na maneno je? Nikiandika Kiswahili nakwama kila mstari, kila kifaa sina jina lake.

Msimulizi_Umoja

Usikae kwa kamusi dada. Uliza huyo mhusika angeiitaje. Mwanasayansi kwa maabara ataiita jina lake refu, mama wa soko ataiita kwa chenye inafanya au kwa mlio wake, na makanga atakuwa ashaifupisha. Kifaa kimoja kinaweza kuwa na majina matatu kwa hadithi moja na msomaji akajua nani ni nani kwa jina analotumia. Usiandike jina alafu uanze kufafanua kwa koma na koma. Liweke likifanya kazi, likidondoka, likiuzwa.

Kijana_Kayole

Swali la kundi, umetaja kundi. Sisi tuko wanne huku tunakutana wikendi lakini kila mara inaisha kwa kelele, mwenye hadithi anajitetea mpaka giza.

Msimulizi_Umoja

Hio ina dawa na ni ya zamani. Damon Knight na wenzake walianza mikutano ya waandishi wa sai-fai mji wa Milford, Pennsylvania, mwaka 1956, na ile namna yao ya kukosoana ikachukuliwa na warsha ya Clarion iliyoanza 1968, ile ya wiki sita, ambayo Octavia Butler, mwandishi wa sai-fai Mmarekani, alipitia 1970. Iko hivi: kila mtu amesoma hadithi kabla ya kuja. Mnakaa duara. Kila mmoja anapewa dakika zake, anasema, wa pili anasema, hakuna kudandia. Mwenye hadithi ananyamaza muda huo wote. Hata kama wamekosea. Hata kama jibu liko ukurasa wa tatu. Akimaliza wa mwisho ndio yeye anapata nafasi.

Kunyamaza ndio kiini. Hadithi ikishatoka haubebwi nayo, hautakuwa pale kwa mtu wa Kisumu anayeisoma kwa basi umwambie "hapana, nilimaanisha". Kwa hivyo kama wawili kati ya wanne wamepotea mahali pamoja, hapo pana shimo. Lakini suluhisho wanalokupa usilichukue vile lilivyo. Msomaji anajua mahali panauma, dawa utatafuta mwenyewe. Na kwetu kuna jambo la heshima, mdogo anaona vibaya kumkosoa mkubwa, basi anzeni na mdogo kila mara, akisema wa kwanza hajui mzee atasema nini na hana wa kufuata.

Ongezeni jambo moja la sai-fai: mmoja wenu kila wiki awe ni wa kutafuta tu tundu za sayansi, kama Mwalimu hapo juu. Mmoja mwingine aulize tu nani analipa.

Butler mwenyewe alikuwa anasisitiza mazoea kuliko msukumo, msukumo unakuja ukitaka na unaenda ukitaka. Alikuwa anafanya kazi za vibarua na kuamka usiku wa manane kuandika kabla ya kwenda kazini. Wengi hapa mnatoka nyumbani kumi na moja asubuhi na kurudi saa mbili usiku, najua. Chukueni ile saa ya jam ya Jogoo Road, andikeni kwa simu, hata mistari mitano.

Mtaa_wa_Saba

Na mtu akiandikiwa na hizi programu za akili bandia? Inatoa hadithi kwa dakika.

Msimulizi_Umoja

Februari 2023 jarida la Clarkesworld la Marekani lilifunga mlango wa kupokea hadithi kwa muda kwa sababu lilifurika hadithi za namna hio. Wahariri wanazijua, na majarida mengi yanazikataa waziwazi. Lakini mimi sababu yangu ni nyingine. Ile mizani ya Mama Kanini imetoka kwa kukaa na namba 120 mpaka ikaniambia kitu. Ukiruka kile kikao umeruka kazi yenyewe, sijui utakuwa umebaki na nini cha kupenda.

Kabla mniulize za kutuma: usilipe mtu yeyote ndio asome hadithi yako, jarida la kweli linakulipa wewe. Chama cha waandishi wa sai-fai Marekani kimeweka senti 8 za dola kwa neno kama kiwango cha malipo ya kitaalamu. Kuna jarida la Omenana, limeanzishwa Nigeria 2014, linachukua hadithi za Waafrika. Kuna tuzo za Nommo za sai-fai ya Waafrika tangu 2017. Hizo zinataka Kiingereza zaidi. Kwa Kiswahili kuna tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, inachukua miswada, na sai-fai ya kweli ya Kiswahili ikifika pale itasimama peke yake kwa meza. Ningependa sana iwe ya mtu wa uzi huu.

Binti_wa_Milimani

Nimekuwa nikisoma kimya. Naomba mniangalilie hii, ni mwanzo wangu, mkosoe bila huruma:

*Simu ililia. Mama Atieno aliipokea haraka. "Halo? Omondi? Uko salama huko Mars?" "Niko salama mama," Omondi alijibu akicheka. "Mmeshakula?" "Tumekula, wewe je?" "Nimekula mama, lakini nimemiss omena."*

Msimulizi_Umoja

Dada hii ina moyo, na umeanza na watu si na chombo, hongera. Omena usiitoe.

Sasa kuna kitu hapo kitakupa hadithi nzima. Simu ya Mars haiwezi kuongeleka hivyo. Mawimbi ya redio yanayobeba sauti yanasafiri kwa kasi ya mwanga na hata hivyo yanachukua kama dakika 3 Mars ikiwa karibu kabisa, na kama dakika 22 ikiwa mbali, upande mmoja tu. Chukua 20. Mama akiuliza "mmeshakula?" jibu linamfikia baada ya dakika 40. Na sisi tunavyosalimiana! Habari yako, habari ya huko, watu wako, kazi, afya, mvua. Maswali manne yakisubiriana ni karibu saa tatu na hawajaanza kuongea.

Kwa hivyo familia zitakuwa zimegawanyika. Kuna wale wanarekodi yote kwa pamoja, wanauliza na kujijibu wenyewe. Na kuna Mama Atieno. Mimi namwona anakataa. Kwake salamu isiyojibiwa haijaisha, hawezi kuendelea na habari ya shamba kabla mtoto hajasema yuko salama. Basi anauliza, anaweka simu kwa meza, anaenda kuteka maji, anarudi, jibu liko, anauliza la pili. Siku nzima. Na kuna jambo la msiba anataka kumwambia, na mara kwa mara inafika jioni na salamu hazijaisha. Au hataki ziishe. Hapo amua wewe.

Usiandike popote kwamba ni dakika 20. Mwache asonge ugali kati ya swali na jibu na msomaji atajua. Alafu chagua tarehe, juu Mars hukaribia dunia kila baada ya miezi 26 hivi na hapo kusubiri kunapungua mpaka dakika chache, kwa hivyo kuna miezi ambayo Mama Atieno na Omondi wanakaribia kabisa kuongea. Ukiweka msiba kwa miezi ya mbali ni hadithi moja, ukiuweka kwa ya karibu ni nyingine. Andika kurasa mbili za zote mbili uzilete hapa, na Mwalimu naomba ukipata nafasi umhesabie hizo dakika vizuri.

MwalimuWaFizikia

Nimeona. Dada, nitumie mwezi na mwaka wa hadithi yako, nitakupa umbali.